Flashi kwenye Kamera za Zamani: Dhana Potofu Kuhusu M, X na V

Dhana: M ni ya kutumia flashi kwa mkono, X ni ya otomatiki.

Sivyo. Herufi hizo, zilizo kwenye kiswichi cha lenzi au kamera, zinapanga flashi iwake lini ukilinganisha na kufunguka kwa shata (kizibo kinachoruhusu mwanga ufike kwenye filamu), na hapa ndipo picha nyingi hupotea. Balbu za zamani, zile za kuwaka mara moja na kutupwa, hazifiki kilele cha mwanga papo hapo. Balbu za kundi la M huchukua takriban milisekunde 20. Kwa hiyo kwenye M kamera hupeleka umeme kwanza, kisha magurudumu madogo ya meno ndani ya shata huichelewesha mpaka balbu ikolee.

Flashi ya kielektroniki huwaka na kuzimika ndani ya 1/1000 ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Ukiiweka kwenye M, inamaliza kazi yake shata ikiwa bado imefungwa. Kwenye shata ya ndani ya lenzi, kama Synchro-Compur, hata ukipunguza spidi ya shata husaidiki, maana ucheleweshaji hutangulia kufunguka. Macho yako yataona flashi ikiwaka, ila filamu haitauona mwanga wake.

Kinyume chake kina nafuu: balbu ya M kwenye X inafanya kazi ukitumia spidi ya 1/30 ya sekunde au polepole zaidi, kwa kuwa shata hubaki wazi hadi kilele kipite.

Dhana: V ni aina ya tatu ya flashi.

V ni kipima muda cha kujipiga picha. Kwenye shata kuukuu mafuta yake huwa yameganda, na ukikilazimisha shata nzima inaweza kukwama. Kiache.

Dhana: ukishaweka X, spidi yoyote inafaa.

Inategemea shata. Ile ya ndani ya lenzi hukubali spidi zote. Lenzi za Hasselblad 500C zinafika 1/500. Shata ya mapazia, yenye mapazia mawili yanayopita mbele ya filamu, ina kikomo: Leica M3 ni 1/50, Nikon F, Pentax K1000 na Canon AE-1 ni 1/60, Nikon FM ni 1/125. Ukivuka hapo, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na sehemu ya fremu hubaki na giza: ubavuni kama mapazia hukimbia kwa upana, juu au chini kama hukimbia wima.

Kushuka chini ya kikomo hakuna ubaya, ila mwanga wa mazingira utaingia zaidi na mkono ukitikisika utaonekana.

Wengine huongeza spidi wakidhani watapunguza nguvu ya flashi. Haipungui. Kinachoamua ni kitundu cha lenzi na umbali: gawanya namba ya mwongozo ya flashi (kipimo cha nguvu yake) kwa umbali, upate kitundu. Flashi ya namba 28 (kwa mita, na filamu ya ISO 100) kwa mtu aliye mita 5 inahitaji kitundu cha f/5.6.

Dhana: soketi ni soketi.

Pentax Spotmatic ina mbili za kuchomeka waya wa flashi, FP na X. FP ni ya balbu zinazowaka kwa muda mrefu, zilizotengenezwa ili mwanga udumu wakati mapazia yanapita. Waya wa flashi ya kielektroniki ukichomekwa humo, utapata kipande cha picha au usipate kitu.

Dhana: flashi isipowaka, kamera imekufa.

Anza na waya, kwani ndio huharibika mara nyingi zaidi. Kama flashi inawaka kwa kitufe chake cha majaribio lakini haiwashwi na kamera, badilisha waya, kisha safisha soketi kwa spiriti ya isopropili. Usiguse ncha za waya ovyo. Baadhi ya flashi za zamani zina zaidi ya volti 200 hapo.

Kupima ulinganifu wa flashi na shata hakuhitaji filamu. Fungua mgongo wa kamera, fungua kitundu cha lenzi hadi mwisho, elekeza kamera na flashi kwenye ukuta mweupe katika chumba chenye giza kiasi, kisha tazama kwa nyuma unapobonyeza. Shata ya lenzi ionyeshe duara kamili, ya mapazia mstatili kamili. Kamera ya kikomo cha 1/60 ikionyesha kipande tu kwenye 1/125, ni nzima. Ikionyesha kipande hata kwenye 1/60, mpelekee fundi mapazia yarekebishwe.