Pika kinachosubiri, agiza kisichosubiri

Mara ya kwanza nilipowapikia watu wa nyumbani chakula cha Kifaransa, mimi mwenyewe sikukila. Nilikuwa na miaka mitano katika jiko la hoteli, mkono umezoea, kichwa kimevimba. Wageni walikuwa tisa: bibi yangu kutoka Dunda ya Bagamoyo, mama mkwe, wifi na wanawe, na jirani na mumewe. Nikasema leo watakula samaki kwa sosi ya holandezi, ile ya siagi na viini vya mayai.

Jiko langu la gesi lina plate mbili. Samaki wanakaangwa wawili wawili, sosi inataka mkono usiopumzika, na sebuleni watu wameanza kile kikohozi cha adabu cha wenye njaa. Kisha gesi ikaisha. Nilipofanikiwa kuwasha mkaa, sosi ilikuwa imekatika: siagi inaelea juu, mabonge ya yai chini, kama tui lililoachwa lichemke bila kukorogwa. Bibi akaja mlangoni, akachungulia, akasema, "Mjukuu wangu, hicho chakula kinatuonea haya?" Wageni walikula samaki kwa ndimu na pilipili. Mimi nilikula saa nne usiku, nimesimama.

Leo nina miaka kumi na sita katika kazi hii, mwanzo Dar es Salaam, sasa hapa Bagamoyo, na mingi kati ya hiyo nimekaa chini ya mpishi mkuu Mfaransa. Vyakula vya Kifaransa nimevigawa mafungu mawili. Kuna vinavyosubiri watu, na kuna ambavyo watu huvisubiri. Fungu la kwanza napika nyumbani. La pili navaa kanga yangu nzuri, nakwenda kuliagiza hotelini.

Msinione nimebuni falsafa. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mlo wa sherehe wa Wafaransa. Hawakuandikisha chakula kimoja, waliandikisha mlo wenyewe: watu kukusanyika, meza kuandaliwa, na chakula kuja kwa zamu, kianzio, kisha samaki au nyama na mboga, kisha jibini, kisha kitu kitamu. Mwenye nyumba naye yuko mezani. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja hatuna la kushangaa hapo, isipokuwa zile zamu. Kwetu kila kitu hutua pamoja, kawa likafunuliwa, bismillahi, mikono ikaingia.

Na Wafaransa wenyewe hapa si wageni wa juzi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Ule mbuyu wao uliomeza mnyororo, ambao kila mtalii lazima apigwe nao picha, husimuliwa kwamba mnyororo aliuacha Madame Chevalier aliyekuwa akimfungia punda wake hapo. Mtu wa Dunda aliyeachiwa sosi na wale mapadri bado sijakutana naye.

Turudi jikoni. Katika chakula kinachosubiri, mfalme ni jogoo. Wafaransa wana jogoo wao wa divai, coq au vin, na chakula kile kilizaliwa na shida ileile tunayoijua: jogoo mzee, misuli kama kamba ya katani, hafai kuchomwa. Ndani ya nyama ya namna hiyo kuna kolajeni nyingi, ile protini ngumu inayoshikilia misuli. Ukiipika taratibu katika majimaji, muda mrefu, kolajeni hugeuka jelatini, nyama inalegea na mchuzi unapata uzito ule unaonata midomoni. Kuku wa kisasa hana cha kukupa hapo. Saa moja tu ameshavunjika nyuzi. Tafuta jogoo wa kienyeji wa kilo mbili hivi, atatosha watu sita.

Mkate vipande, kisha mfute kwa kitambaa hadi akauke. Hatua hii watu huiruka na ndiyo inayoamua kila kitu. Nyama yenye maji haiwezi kupita joto la nyuzi 100 mpaka maji yote yaondoke, na ule wekundu wa kahawia wenye harufu nzuri huanza kuja kwa kasi joto likifika kama nyuzi 140. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwaka 1912 kinachotokea pale: protini na sukari vikikutana na moto, vinazaa ladha mpya ambazo nyama mbichi haikuwa nazo. Kwa hiyo kaanga vipande vichache vichache. Ukijaza sufuria, unachemsha.

Ukimaliza kukaanga, angalia chini ya sufuria. Kuna ukoko wa kahawia umeganda. Wengi wetu tungelilowesha sufuria tukaliita chafu. Ukoko ule ndio mchuzi wenyewe. Mimina vitunguu maji viwili na karoti mbili zilizokatwa ndogo, maji yao yataanza kuulegeza, kisha mimina majimaji na ukwangue kwa mwiko mpaka chini pawe safi. Mpishi mkuu wangu alikuwa akigeuza sufuria zetu na kuzitazama kabla hazijaenda kuoshwa. Ukikutwa umeacha ukoko, siku yako imeharibika.

Sasa majimaji gani? Kwao ni divai nyekundu. Nyumbani kwangu haingii, na nataka niliseme wazi hili kwa sababu naulizwa kila wiki: si kweli kwamba pombe yote huruka ukipika. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vinaonyesha kuwa chakula kilichochemka taratibu nusu saa hubaki na kama asilimia 35 ya pombe iliyowekwa, saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Anayekuhakikishia hotelini kwamba "imeshaungua yote" anakupoza moyo tu. Ukiwa huitumii, uliza kabla ya kuagiza.

Badala yake nilijiuliza divai inafanya kazi gani mle ndani. Inaleta uchachu, rangi, utamu kidogo na ule ukakasi wa ulimi. Nikatazama huku na huku, jibu likawa kwenye kopo la rosela, ambayo wengine mnaiita choya. Vijiko vitatu vya maua makavu kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, dakika kumi, chuja, usitie sukari. Kikombe hicho pamoja na vikombe viwili vya supu ya mifupa, vitunguu saumu sita na kifungu cha thaimu na mashina ya giligilani kilichofungwa kwa uzi. Moto uwe wa kutoa kipovu kimoja kimoja, saa mbili na nusu hadi tatu. Mwishoni ponda vijiko viwili vya siagi na viwili vya unga wa ngano, tia kidogo kidogo mchuzi ushike, acha uchemke dakika tano ili ubichi wa unga utoke. Onja. Rosela ikizidi ukali, nusu kijiko cha sukari kinaituliza. Je, ni coq au vin? Hapana, na Mfaransa wangu alipoonja alisema hivyohivyo, kisha akaomba tena.

Jogoo huyo mpike Ijumaa, mle Jumamosi. Akilala, ladha zinaingiana, na mafuta yakiganda juu unayaondoa kwa kijiko. Wageni wakibisha hodi wewe umeshaoga.

Pembeni yake naweka viazi vya gratini. Mviringo, vimenye, uvikate vyembamba kama milimita tatu, na ukishavikata usivioshe: wanga wake ndio utakaoyafanya maziwa yawe mazito. Vipange kwenye sufuria pana iliyosuguliwa kitunguu saumu na siagi, mwagia maziwa yaliyochanganywa na malai, chumvi, na kungumanga ya kukwangua. Watu wa Dauphiné, jimbo la zamani la Ufaransa kilikotoka chakula hiki, kwa asili hawaweki jibini, kwa hiyo usisikitike kama huna. Oveni nayo isikutishe. Moto mdogo chini, funika kwa mfuniko wa bati, upalie makaa juu kama unavyopalia wali. Saa moja na kidogo. Makaa ya juu ndiyo yatakayokupa ule uso wa dhahabu, na mimi naona yanaushinda wa oveni, ila hapo huenda napendelea kwetu.

Kitamu cha mwisho ni pudini ya mayai yenye sukari iliyoungua, mnaijua, Wafaransa wanaiita crème caramel. Inapikwa jana yake. Sitaki kueleza mengi: maji ya sufuria ya nje yasitokote, basi. Yakitokota, pudini inatoboka matundu kama sponji.

Kwa nini basi twende hotelini? Kwa sababu ya lile fungu la pili, na mimi nalipenda kuliko la kwanza.

Chukua gayogayo. Samaki bapa, macho yote upande mmoja, pale sokoni karibu na forodha ya zamani watu humpita wakamfuata changu. Wafaransa humpika samaki wa ukoo wake kwa mtindo wa meunière, maana yake kwa mtindo wa mke wa msagaji, kwa sababu ya vumbi la unga anaopakwa. Anakaangwa, anawekwa sahanini, kisha siagi mpya inatiwa kwenye kikaango. Hapo mpishi anasikiliza kuliko anavyotazama. Siagi ina maji kama asilimia 16, na ule mlio wa kuchachatika ni maji yanayotoka. Mlio ukipungua, povu linakuwa laini, chembe za maziwa chini zinaanza kupiga wekundu, na harufu inayopanda ni ya karanga zinazokaangwa. Ndimu inaingia sasa hivi, inalia chaa, na yote inamwagwa juu ya samaki. Ukichelewa sekunde ishirini siagi ni nyeusi na chungu. Ukichelewa dakika tano kumfikisha mezani, ngozi imelowana. Chakula hiki hakiwezi kupikwa na mtu anayetaka pia kukaa na bibi yake. Holandezi ni hivyohivyo: lesithini ya kiini cha yai inashikanisha siagi na maji kwa shida, na joto likipita kama nyuzi 70 yai linaganda na ndoa inavunjika. Aende akahangaike nayo aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Lakini kuagiza nako kuna ujuzi wake, na hapa nawapa siri ya upande wa pili wa mlango. Jumapili mchana familia ya watu kumi inaingia, inaketi, na kila mmoja anaagiza chakula tofauti. Jikoni kuna wapishi watatu na moto sita. Sahani kumi tofauti ni vikaango kumi tofauti, kwa hiyo wa kwanza atamaliza kula wa mwisho akiwa bado ananyonya mrija wa soda. Nimewahi kukaa saa mbili na robo katika hoteli moja ya pwani kwa kosa hilo hilo, na kosa lilikuwa letu. Chagueni vyakula viwili, vikizidi vitatu, mgawane. Wahudumu hawatawaambia hivi, lakini jikoni watawaombea dua.

Pigeni simu asubuhi. Usiulize "mna samaki gani," maana utasomewa menyu. Uliza leo asubuhi wameletewa nini. Watoto waletewe chao mwanzo. Na nyama ya steki, kama mnataka iive hadi ndani isibaki hata tone la wekundu, kama tunavyopenda wengi wetu, msiagize steki kabisa. Agizeni nyama ya mchuzi, mtafurahi zaidi na mtalipa kidogo. Nanasi nalo ulizia. Liwe la Kiwangwa, likaangwe kwa siagi na sukari mpaka lichukue rangi, na mwenye kujua kazi atatia pilipili manga.

Jumamosi hii tunatoka, watu wanane. Nimepiga simu saa mbili asubuhi, gayogayo wapo wanne wakubwa, kamba wapo pia. Nimeomba vyakula viwili na meza isiyopigwa na upepo, maana kusi imeanza na bibi ameshasema atabeba kanga mbili. Nilipokata simu akaniuliza kama huko kuna wali.

Nimewapigia tena.