Sio kila kirusi ni ugonjwa

Watu wengi tumekua tukiamini kirusi ni kirusi tu, ukikisikia ujue kuna mtu anaumwa. Sio kweli jamani, vingi havina habari na binadamu kabisa. Mfano M13, hiki kinaingia kwenye bakteria wa E. coli tu, seli zako wewe hakiziwezi. Kiko kama uzi, urefu karibu nanomita 880 (nanomita ni mita ukiigawa mara bilioni), unene nanomita 6 au 7 hivi, na ganda lake karibu lote ni protini moja imejirudia kama mara 2,700, zote zinajipanga zenyewe bila mtu kuzigusa. Mi naona hapa ndo patamu, maana mwanasayansi Angela Belcher na wenzake pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, walibadilisha jeni ya hiyo protini na ganda zima likaanza kunasa madini, basi mwaka 2006 wakapata nyaya nyembamba mno za kobalti oksaidi na dhahabu kwa ajili ya upande hasi wa betri ya lithiamu, tena ndani ya maji, kwa joto la kawaida la chumba, hakuna tanuru. 2009 wakaja na upande chanya. Humo kirusi kazi yake ni kiunzi tu, hakimwambukizi mtu.