Kiboko: mnyama, mjeledi na Katiba

Kiboko wa Ziwa Naivasha amelala. Kiboko cha mwalimu kimevunjika. Upatanisho wa kisarufi ni tofauti, asili ni moja. Mjeledi huu ulikatwa kwenye ngozi ya mnyama mwenyewe, ambayo mgongoni hufikia unene wa sentimita 5. Ilichanwa kwa urefu, ikaachwa nene kwenye mshiko na kupunguzwa kuelekea ncha, kisha ikakaushwa hadi ikawa ngumu lakini yenye kunepa. Ndiyo maana ilipasua mwili badala ya kuacha alama tu. Kongo uliitwa chicotte, Afrika Kusini sjambok. Katika koloni la Wajerumani, Tanganyika ya baadaye, watu waliujua kwa idadi yake, "hamsa ishirini", yaani mapigo 25.

Nairobi nayo ina kumbukumbu yake: Machi 1907, walowezi wakiongozwa na Ewart Grogan waliwachapa Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama.

Siku hizi ngozi imetoweka, jina limebaki. Ufito, mkanda, hata waya wa stima ni kiboko, na "viboko sita" ni mapigo sita. Ajabu ni kwamba mtaani "huyo ni kiboko" ni sifa, na anayetesa ni anayeng'ara!

Sheria haina utani huo. Nchini Kenya, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mahakama zikaacha kuvitoa kama hukumu mwaka 2003. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza utesaji, adhabu ya viboko na adhabu ya kikatili. Kifungu cha 25 hakiruhusu kinga dhidi ya ukatili huo ipunguzwe kwa sababu yoyote. Chini ya Sheria ya Kuzuia Utesaji ya 2017, mtesaji anaweza kufungwa hadi miaka 25.

Kesi ya kupigwa inaweza kuharibikia kwenye taarifa ya polisi. Ukiandika "aliadhibiwa", msomaji hudhani palikuwa na kosa na mwenye haki ya kuadhibu. Andika kilichotendeka: kifaa gani, mara ngapi, sehemu gani ya mwili, saa ngapi, nani alishika na nani alipiga. Tibiwa kwanza, ukimweleza daktari chanzo cha kila jeraha. Chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) na fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, daktari aijaze kabla alama hazijafifia. Nguo zenye damu usizifue; zikaushe, uziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huzivundisha. Mtuhumiwa akiwa polisi, malalamiko yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.