Fildi ya uhifadhi wa samaki inaanzia Mtera

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunga, nafuatwa na vijana wenye ombi la aina moja. Huyu anasoma uvuvi, yule ufugaji wa samaki, mwingine sayansi ya mazingira. Mmoja anatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, mwenzake amehitimu na anataka kujitolea wakati akisubiri ajira. "Shikamoo. Naomba unisaidie nipate nafasi Mafia." Ukimuuliza kwa nini Mafia, anakujibu kwamba Dodoma hakuna bahari.

Simlaumu. Mafia ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania Bara, mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya kupitishwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Baadaye ikaja ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, kisha ya Silikanti, yule samaki wa kale, kule Tanga. Nafasi za vijana huko zipo na anayepata ana bahati. Lakini kijana wa huku anayeruka mabwawa ya kwao ili awahi baharini anaacha nyuma sehemu kubwa ya somo, na makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa mzazi anayejiuliza mwanawe atasomea samaki wapi katikati ya Ugogo.

Tuanze na maji yenyewe, maana watu wengi hawajui yanakwenda wapi. Mkoa wa Dodoma unakutanisha mabonde matatu. Upande wa kusini, mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo inakutana Mtera, kwenye bwawa lililojengwa miaka ya 1970, ambalo barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya ukuta wake. Maji yakitoka hapo yanaendesha mitambo, yanashuka Kidatu, yanaingia Rufiji, na mwisho yanamwagika kwenye delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, mkabala na hiyo hiyo Mafia. Kaskazini mashariki mwa jiji liko bwawa la Hombolo, la mwaka 1957, kwenye mfumo wa mto Kinyasungwe. Mvua ikiwa kubwa, maji yake yanafuata bonde la Wami hadi baharini karibu na Saadani. Mto wa tatu ni Bubu, unaoshuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia Bahi, kwenye ziwa Sulunga. Huo hauendi popote. Maji yanatandaa kwenye tambarare, yanalisha majaruba ya mpunga, yanazaa samaki, halafu jua linayanywa, na mwaka wa ukame ziwa zima linakauka ukapita juu yake kwa baiskeli.

Kwa hiyo kijana anayepima tope Hombolo au Mtera anapima kitu ambacho kesho kinaweza kuwa tatizo la kambamiti na mikoko pwani. Na tope la Dodoma lina historia. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wa Kondoa bado wanauita HADO, kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula vilima. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi. Mwaka huku una mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi, nayo inashuka kwa miezi michache, kwa kishindo, juu ya ardhi iliyokaa wazi tangu Mei. Udongo wote uliolegea unaanza safari siku moja.

Kuna kifaa kimoja ninachopenda kila kijana akitengeneze kwa mikono yake wiki ya kwanza. Ni sahani ya Secchi. Unakata bati duara la sentimita 20, unaligawa robo nne, mbili unapaka rangi nyeusi na mbili nyeupe, unafunga uzito chini na kamba yenye alama kila sentimita 10. Unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma kamba. Padri Angelo Secchi aliijaribu kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kifaa rahisi kuliko hicho cha kujua mwanga unaingia majini kiasi gani. Shusha sahani hiyo Hombolo siku tatu baada ya mvua kubwa: mkono haujazama hadi kwenye kiwiko, sahani imepotea. Bila mwanga hakuna mimea midogo ya majini, na bila hiyo mimea perege mchanga hana chakula. Kijana akipima hivyo kila Jumatatu kwa miezi sita, bila kuruka hata wiki moja, ameacha kumbukumbu ambayo afisa mwenye pikipiki moja na kata kumi na mbili hawezi kuipata peke yake.

Sasa samaki. Watu wanasema perege ni perege, na hapo ndipo tunapokosea. Perege wa asili wa mabonde ya Rufiji na Wami, anayejulikana kitaalamu kama Oreochromis urolepis, ni wa mito hii ya mashariki mwa Tanzania. Katika maziwa ya chumvi ya ukanda wetu na wa jirani, kama Kitangiri, Singida, Eyasi na Manyara, yuko mwingine, Oreochromis amphimelas, anayestahimili maji ambayo ng'ombe anayakataa. Huyo hapatikani kwa asili nchi nyingine yoyote. Amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na bado kijana wa Singida aliyekua akimla na ugali anaomba barua ya kwenda kumtafuta kasa.

Hatari mojawapo inayomkabili perege wa asili inaletwa na watu wema. Mtu anaona bwawa limepungua samaki, anachangisha fedha, ananunua vifaranga vya sato, jamii ya perege asiye wa asili ya mabonde haya, anavimwaga, wanapiga picha. Sato huzaana na perege wa asili, na baada ya vizazi kadhaa huwezi tena kumpata yule wa mwanzo akiwa kamili. Ziwa Victoria lilishatupa somo hilo kwa njia nyingine: sangara aliingizwa miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Ninamwomba kila kijana anayekuja na wazo la kupandikiza samaki bwawani, kabla hajaomba mchango wa mtu yeyote, aende kwa afisa uvuvi wa halmashauri aulize bwawa hilo lina samaki gani na kibali kinatolewaje. Bwawa la kuchimba nyumbani kwake, lisilofikiwa na mafuriko, ni habari nyingine.

Nakumbuka asubuhi moja Mtera, kwenye mwalo, saa kumi na mbili na nusu. Mitumbwi ilikuwa inaingia na akina mama wachuuzi wameshapanga ndoo zao. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuwa na ubao wa kupimia, mzani na daftari lililolowa pembe zote. Akamwendea mvuvi mzee. "Shikamoo babu, naomba nipime samaki wako kabla hujauza." Mzee akaitikia marahaba, akamchagulia perege mdogo, akamwambia, "Mfungue mdomo, mjukuu wangu." Binti akabonyeza taya kwa kidole gumba. Vifaranga vikamwagika juu ya ubao, vyenye macho makubwa kuliko mwili, vikirukaruka kama mtama kwenye ungo. Binti alishasoma darasani kwamba perege jike huatamia mayai na kulea watoto mdomoni, lakini hakuwahi kuviona. "Hao ndio wa mwakani," mzee akasema, akavichota kwa kiganja kuvirudisha majini.

Kilichonifurahisha ni alichofanya binti baadaye. Aliandika urefu wa yule perege mama: sentimita 14. Halafu akaanza kuwatafuta wengine wenye mayai au vifaranga, kila asubuhi, akiandika aliye mdogo kuliko wote. Perege wanaovuliwa kupita kiasi huanza kuzaa wakiwa wadogo, kwa hiyo hesabu ile ilikuwa inatuambia bwawa linapumuaje. Ukijua mama ana urefu gani anapozaa mara ya kwanza, unaweza kukaa na wavuvi mkazungumza kuhusu ukubwa wa jicho la wavu mkiwa na samaki mezani, badala ya kutishana kwa faini. Jicho linapimwa wavu ukiwa umevutwa, kutoka fundo hadi fundo, na nimeshawaona wahitimu wa shahada wakilipima likiwa limelegea. Mvuvi akikuona unafanya hivyo, hakusikilizi tena.

Hapa nataka kusema neno kuhusu kalenda, kwa sababu nadhani tunakosea. Fildi za vyuo vyetu zinaangukia kati ya Julai na Septemba. Miezi hiyo ukienda Sulunga unaweza kukuta nyufa za udongo. Mtera maji yamerudi nyuma. Kuna faida yake: kwenye tope lililobaki wazi utaona mashimo ya duara, mapana kama sinia, yamepangana kama vitanda vya bweni. Ni viota vilivyochimbwa na perege dume wakati maji yalikuwa yamefunika pale, na ukivihesabu utaelewa kwa nini kokoro limepigwa marufuku, maana linaburuta mule mule. Lakini tukio kubwa la mwaka hulikuti. Mvua za kwanza zikitiririsha mito, kambale wanapanda na mafuriko kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Wanapita kwenye kina cha kifundo cha mguu, matumbo yamejaa mayai, na watu wanaziba njia kwa migono na nyavu kutoka ukingo hadi ukingo. Siku chache za mwaka zinaamua mavuno ya miezi yote inayofuata. Kijana wa kujitolea anahitajika hapo kuliko wakati wowote, akae na wazee wa kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile tunachokiita BMU, wakubaliane angalau nusu ya mkondo ibaki wazi. Mwanafunzi hawezi kuhamisha likizo ya chuo. Mhitimu anaweza kuchagua miezi yake, na ningemshauri achague Desemba hadi Machi.

Upande wa taasisi zinazopokea vijana nasi tuna deni. Nimewahi kumkuta kijana aliyekuja kujifunza uhifadhi akiwa amekabidhiwa mashine ya POS kukusanya ushuru wa samaki mwaloni, miezi minne mfululizo. Wavuvi walimjua kama mtu wa ushuru. Siku alipotaka kuwapima samaki, walifunika ndoo. Ukimpokea kijana, mpe swali moja la kulijibu, mpe sehemu moja ya maji aimiliki kwa macho yake, na daftari lake lisomwe na mtu. Anaweza kupima mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikinga na shughuli za kibinadamu, akaorodhesha bustani zilizoingia ndani na kuzungumza na wenye bustani wapi pa kuhamia. Hiyo peke yake ni kazi ya miezi mitatu, na inataka moyo, maana nyanya zile ndizo karo ya mtoto wa mtu.

Kwa anayetaka kuomba: barua inaandikwa kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri husika, ikiambatana na barua ya utambulisho ya chuo, au ya serikali ya mtaa kama umeshahitimu. Angalia vizuri unaandikia halmashauri gani, kwa sababu Mtera peke yake ina upande wa Mpwapwa, upande wa Chamwino na upande wa Iringa. Anayependa maji zaidi kuliko samaki aandikie bodi za maji za mabonde: Rufiji iko Iringa, Wami/Ruvu iko Morogoro, na Bonde la Kati, linalosimamia Bubu na maziwa ya Singida, liko Singida. Taja eneo, taja miezi, taja swali unalotaka kulifanyia kazi. Barua inayosema "niko tayari kufanya kazi yoyote" ndiyo inayokupeleka kwenye mashine ya ushuru.

Uliza pia mapema nani analipa nauli ya kwenda mwaloni na utalala wapi, na kama una bima ya afya. Kujitolea hakuna mshahara, na posho usiihesabu mpaka uione imeandikwa. Buti za mpira nunua mwenyewe: maji yaliyosimama yenye konokono yana kichocho, na hakuna data inayostahili wewe kuambukizwa kwa ajili yake. Mtera ina mamba na viboko, kwa hiyo huingii majini kwa sababu mwenzako ameingia, na mtumbwi hupandi bila jaketi la kuelea hata kama wavuvi wenyewe hawavai. Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa mtendaji, kisha kwa wazee. Ukijifunza kuwasalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kabla ya kufungua begi la vifaa, utaonyeshwa viota ambavyo haviko kwenye ramani yoyote.

Mvua za huku huanza kuelekea mwisho wa Novemba au Desemba. Anayetaka kuwa Bahi kambale wanapopanda, barua yake iwe imepokelewa masjala mwezi Oktoba, na namba ya simu aliyoiandika iwe inapatikana.