Asilimia mia si kipimo cha shule bora

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo (DRC), yakitoka, wazazi wengi wa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda, husema: "Shule ile imefaulisha mia kwa mia, ndiyo bora." Si lazima. Asilimia hiyo huhesabu waliofanya mtihani tu. Shule ikipeleka finalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) 12, wote wakapita, ni 100%. Jirani yake ikipeleka 90, wakapita 72, ni 80%, ingawa imetoa diploma mara sita zaidi. Mtoto dhaifu aliyeambiwa ahamie kwingine mwaka mmoja kabla ya mtihani haonekani popote kwenye hesabu, na hilo linaniuma. Tena diploma hupatikana kwa 50%: mwenye 51 na mwenye 78 wote ni "amepita". Mzazi, muulize prefe (mkuu wa shule): walioanza humanite (sekondari ya juu) walikuwa wangapi, na waliofika mtihanini ni wangapi?