Hakuna yai ndani ya "egg on"

Juma hili nimekutana tena na kosa la kutafuta yai ("egg") ndani ya kitenzi cha Kiingereza "egg on", yaani kumchochea mtu afanye jambo. Mtafsiri chipukizi, kijana makini kabisa, alipewa sentensi "They egged him on until he jumped", akaandika: "Walimrushia mayai mpaka akaruka." Pembeni akaniwekea na maelezo, kwamba anayepigwa mayai hukimbia, ndiyo maana neno likaja kumaanisha kusukuma mtu. Kabla yake mwingine alinieleza habari ya kuku na yai lisilotaka kuanguliwa. Jamani, hakuna yai!

Kitenzi hiki ni "eggja" ya Kinorsi cha Kale, lugha ya Waskandinavia waliovamia Uingereza kisha wakakaa. Maana yake ni kuchochea, na nduguye ni "edge", makali ya upanga. Kiingereza kilikichukua yapata mwaka 1200. Balaa ni kwamba "egg" ya kuku nayo ilitoka kwa watu haohao, ikalifukuza neno la wenyeji ambalo wingi wake ulikuwa "eyren". Mwaka 1490 William Caxton, mchapishaji, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba "egges". Mama wa nyumba, aliyejua "eyren" tu, akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Maneno mawili, basi, yaliyofanana sura tu.

Yule kijana hakuota kila kitu, lakini. "They egged him", bila "on", ni mayai kweli, tena ya usoni. Kaa macho na hiyo "on".

Kinachoniudhi zaidi ni "walimhimiza". Wanaiandika hata wanaoijua asili, wakaona kazi imekwisha. Mwalimu humhimiza mwanafunzi asome. Hiyo ni "urge", na mwalimu anamtakia mema. Sasa mtazame kijana aliyesimama juu ya ukuta. Chini wenzake wanapiga makofi: "Ruka! Unaogopa nini? Ruka bwana!" Hakuna hata mmoja aliye tayari kupanda. Mguu ukivunjika ni wake peke yake, wao watatawanyika. Na yeye mwenyewe nusu ya moyo ilikwishataka kuruka, wao wameimalizia ile nusu nyingine. Hapo ndipo "egg on" inapokaa: mchochezi yuko pembeni, hatari ni ya mwenzake, na jambo lenyewe mara nyingi ni la kijinga.

Usiichanganye pia na jamaa zake wengine wa Kiingereza. "Goad" ni mchokoo, ile fimbo yenye ncha ya kuswagia ng'ombe. Humchoma asiyetaka kwenda, kwa dhihaka, mpaka hasira zimpande. "Spur" ni chuma cha kisigino cha mpanda farasi. Siku hizi huchochea uchumi na mauzo kuliko watu.

Kwa hiyo naandika "walimchochea", lakini moyo hautulii. Uchochezi kwetu unanuka polisi na mahakama, na "egg on" huweza kuwa nyepesi tu, marafiki wakimshikilia mwenzao aimbe kwenye sherehe. "Walimchochea aimbe" inaufanya wimbo uwe kosa la jinai. Hapo natumia "walimchagiza", au "walimpa kichwa", ingawa kumpa mtu kichwa kuna sifa nyingi kuliko msukumo.

Sentensi ya kijana nimeiandika hivi: "Walimpa kichwa mpaka akaruka." Mhariri mwenzangu ameirudisha "walimchochea". Tangu juzi tunabishana, na bado sijakubali.