Asterina: kiti cha pweza mdogo wa kwenye tangi

Asterina ni jina ambalo wafugaji wa matumbawe humwita kiti cha pweza mdogo sana, mara nyingi chini ya sentimita 1.5, wa rangi ya kijivu au nyeupe iliyochujuka, anayetambaa juu ya kioo cha tangi la maji chumvi. Wataalamu huwaweka wengi wao katika jenasi Aquilonastra, lakini jina la zamani limeshika. Mikono yake hailingani: mmoja mrefu, miwili mifupi, mwingine ndiyo kwanza unachipua. Si kilema. Mnyama huyu hujigawa vipande viwili, na kila kipande huotesha mikono iliyobaki. Hahitaji mwenza. Akipenya mmoja, amejibanza kwenye jiwe au kwenye kishina cha tumbawe, ukoo umeshaingia.

Mtu wa Tanga aliyezoea kutembea kwenye nyasi za bahari maji yakipwa atauliza kama ndiye yule mwenye vifundo vyekundu. Hapana. Yule ni Protoreaster lincki, anaweza kufika sentimita 30, na asiingizwe kabisa kwenye tangi la matumbawe, maana hula sifongo na viumbe wengine wasioweza kukimbia. Wale wadogo wenye mikono myembamba inayojinyonganyonga chini ya mawe nao ni jamii nyingine. Waache, wanasafisha mabaki.

Je, asterina ni mharibifu? Wengi wao hula utando wa mwani kioo kizima, na wengine huparura ule mwani wa chokaa wa rangi ya zambarau ambao mfugaji amengoja miezi uote. Hilo linaudhi, haliui. Wachache hula matumbawe laini ya jamii ya zoanthidi: hulalia kinywa cha tumbawe, hutoa tumbo nje na kuyeyusha nyama papo hapo. Tabu ni kwamba asterina pia hukimbilia nyama inayokufa kwa sababu nyingine, kama chumvi kupanda au joto kuzidi. Ukimkuta juu ya tumbawe lililojifunga, hujui bado kama ndiye aliyeanza. Pima maji kwanza. Kisha kila usiku, taa za tangi zikiwa zimezimwa, mulika kwa tochi na uondoe wale tu walio juu ya tumbawe. Likifunguka tena baada ya siku kadhaa, umempata mkosaji.

Wakijaa kioo kizima, mimi huangalia kwanza mkono unaolisha samaki. Chakula kikizidi, mwani huzidi, na asterina huzidi. Punguza chakula, safisha kioo, nao watapungua taratibu bila vita. Wa kuondolewa atolewe mzima kwa koleo dogo au avutwe kwa mpira mwembamba wakati wa kubadilisha maji. Usimkate ndani ya tangi ukidhani umemaliza kazi. Na dawa ya shaba inayotibu samaki usiiguse: itaua kamba, konokono na matumbawe kabla hujamaliza asterina.

Kuna kamba anayewinda viti vya pweza, Hymenocera picta, mwenye mabaka mazuri ajabu, anayeishi pia katika Bahari ya Hindi. Huwapindua na kuanza kuwala kwenye ncha za mikono. Anafanya kazi kweli, ila hali kitu kingine. Tangi likiisha asterina, ni juu yako kumtafutia kiti cha pweza mwingine kila baada ya wiki moja au mbili, la sivyo atakufa njaa. Kwa tangi la sebuleni naona ni kununua tatizo la pili. Afadhali kuazimana kamba mmoja kati ya wafugaji wanaojuana.

Kinga ni karantini: kila jiwe na kila tumbawe jipya likae peke yake kwenye chombo, likaguliwe usiku. Asiyependa hilo asifikirie kujichukulia jiwe mwambani. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ipo tangu 2009, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe pori.

Hao uliowatoa usiwamwage baharini, tuseme Raskazone hapo Tanga, hata kama bahari iko hatua chache. Huenda wamekuja na tumbawe la bahari nyingine kabisa. Watie kwenye maji ya bomba yasiyo na chumvi, ambayo hawayawezi, kisha uwaanike juani na uwatupe na taka za nyumbani.